Charles na Sulubu Walipofika Miyuji

Mjukuu wangu asomaye chuo hapa Dodoma alinijia likizo iliyopita na riwaya ya Kiingereza mkononi, *It Ends with Us* ya Mmarekani Colleen Hoover, iliyotoka mwaka 2016, akanisimulia kwa shauku habari za Lily, binti aliyekulia katika nyumba ambamo baba humpiga mama, na jinsi jeraha lile linavyomfuata hata ndani ya penzi lake mwenyewe. Alipokwisha, akaniuliza kwa adabu na kwa nia safi: “Bibi, hivi Kiswahili nacho kina riwaya za watu walioumizwa moyo, kisha wakapata wa kuwapenda?”

Sikumkasirikia, kwa kuwa mtoto hawezi kukijua asichoonyeshwa. Hasira yangu ilituelekea sisi tuliolelewa na vitabu hivyo, tukavisoma hadi majalada yakachakaa, kisha tukaviacha viliwe na mchwa huku tukilalamika kwamba vijana hawasomi.

Miyuji niliyokulia ilikuwa kijiji cha mibuyu na mashamba ya uwele, kaskazini ya mji, kando ya barabara ya vumbi iendayo Kondoa na Arusha. Katika barabara hiyo palikuwa na kibanda cha mabati cha mzee mmoja, karani wa reli mstaafu, ambaye mbele aliuza chumvi, viberiti na mafuta ya taa ya kupima kwa kibaba, na nyuma yake, juu ya makasha ya chai yaliyopangwa kama rafu, aliweka vitabu. Vitabu hivyo vilimfikia kwa treni kutoka Dar es Salaam, kwa mikono ya wenzake wa zamani waliokuwa wangali kazini, naye hakuviuza asilani. Aliviazimisha kwa senti chache kwa juma, na asiye na senti alileta mayai au kibaba cha karanga.

Kila kitabu kilipofika alikivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, akakishona mgongoni kwa shazia, sindano ile ya magunia, akapaka gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, kisha akakilaza chini ya jiwe la kusagia usiku kucha. Harufu ya gundi ile ikichanganyika na mafuta ya taa na ugoro wake ndiyo harufu ya kusoma niijuayo mimi, na maktaba zote nilizoingia baadaye katika kazi yangu ya ualimu, pamoja na usafi wake na ukimya wake, hazikunipa harufu yenye kuniamsha moyo kama ile. Sharti lake lilikuwa moja: hapati kitabu cha pili mtu asiyemweleza habari za kile cha kwanza. Alikuwa akikaa juu ya debe, amefumba macho, akisikiliza maelezo ya msichana wa miaka 14 kwa makini ya kadhi asikilizaye shauri, na ukiruka jambo alikurudisha nyuma kwa upole: “Mwanangu, na yule mama wa kambo je, umemwacha wapi?”

Kwake ndiko nilikokutana na *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyopigwa chapa mwaka 1971 na kuzuiwa mashuleni. *Shida* ya Ndyanao Balisidya ya mwaka 1975. *Nyota ya Rehema* ya Mohamed Suleiman Mohamed wa Unguja, ya mwaka 1976. Na *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, yenye Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake hata akaukimbilia mji na maangamizi yake. Miaka hiyo nimeihakiki, na sasa naiacha, kwa maana Miyuji vitabu havikuja kwa taratibu ya miaka. Vilikuja pale garimoshi lilipovileta, na kilichotangulia kuandikwa aghalabu kilifika nyuma ya kilichofuata.

Kiangazi, mavuno yakiisha na upepo wa baridi ukianza kuvuma, wanawake walikusanyika uwanjani petu kupura na kupepeta uwele, na mama yangu, aliyekuwa akijifunza kusoma katika darasa la watu wazima lakini macho yake yakichoka upesi, aliniketisha juu ya kigoda niwasomee. Ndipo nilipowasomea Rosa, binti wa Zakaria, baba mlevi aliyedhani fimbo ni malezi. Nikawasomea jinsi alivyotoka katika ukali ule akaangukia mikononi mwa wanaume walioutumia upweke wake, na jinsi Charles, mchumba aliyetarajiwa kumtoa gizani, alivyomwacha alipotambua kwamba hakuwa bikira, na Rosa akajiua. Nyungo zilisimama. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo dada mmoja jirani, ambaye alipelekwa Dar es Salaam angali mdogo kufanya kazi za nyumbani, akarejea na mtoto mgongoni na asiseme neno juu ya yaliyompata. Dada yule aliinuka, akajifunga kitenge, akaenda zake bila kuaga.

Wiki kadhaa baadaye alirudi, tukiwa tumefika katikati ya *Nyota ya Rehema*. Rehema naye alianza kuumizwa nyumbani, kwa kuwa rangi ya ngozi yake ilimtia baba yake, Fuadi, shaka juu ya nasaba, akanyimwa mapenzi ambayo kila mtoto huzaliwa akiyadai. Akakimbia, akatangatanga, akaonja madhila ya mji. Lakini huyu alikutana na Sulubu, mkulima asiye na mali wala jina, na Sulubu hakumfanyia hesabu ya siku zilizopita. Alimwoa, wakashika jembe, wakalima. Dada yule aliniomba niyarudie maelezo ya maisha yao ya shamba, nikayarudia, akaniomba tena. Hatimaye mwanamke mmoja akasema kwamba mwanamume wa namna ile hayupo duniani, na mama yangu, bila kuinua macho katika ungo wake, akamjibu: “Akina Charles tumewazaa sisi wenyewe. Na akina Sulubu basi tuwazae.”

Tangu siku ile sikusikia tena, kisimani wala njiani, mtu akimtia dada yule midomoni. Nimefundisha fasihi kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na sijapata ushahidi mwingine ulionithibitishia kwa uwazi kama ule kwamba riwaya ya mapenzi ni kazi nzito, kwani huwapa watu waliokwisha kuzoea kuhukumu nafasi ya kuketi na mtuhumiwa tangu utoto wake, kabla ya kosa. Tena riwaya zile hazikutudanganya kwamba mapenzi ni dawa ya kila dhulma, maana Sulubu na Rehema, pamoja na kupendana kwao, walinyang'anywa ardhi waliyoitolea jasho. Penzi liliwapa utu, haki ikabaki kudaiwa.

*Shida* kilitugusa kwa namna ya peke yake, kwa sababu majina ya Chonya na Matika yalikuwa majina ya majirani zetu Wagogo, na safari yao ya kuacha kijiji kwa kuutamani mji ilikuwa safari ya kaka zetu na dada zetu. Kitabu kile, kilichoandikwa na mwanamke katika zama ambazo waandishi wanawake wa riwaya za Kiswahili walihesabika kwa vidole, wanafunzi wa leo wa Dodoma hawakijui hata kwa jina, jambo ambalo ni aibu kwa mji unaojiita makao makuu.

Yaliyofuata ni mepesi kusimulia. Miaka ya 1980 karatasi iliadimika, vikaja vitabu vidogo vya akina Hammie Rajab na Ben Mtobwa, vilivyochapwa kwa wino uliofifia na kusomwa kwa pupa, mapenzi ndani yake yakipita mbio kati ya bastola na kumbi za starehe. Mzee wetu alifariki. Kibanda kikawa cha nyama choma, kisha kikavunjwa. Yakaja magazeti yenye hadithi za Eric Shigongo, nasi tukajifunza kuungoja mwisho wa juma. Serikali ikahamia kwetu, viwanja vikapimwa, mibuyu ikakatwa, na hadithi zikahamia katika simu, ambako msomaji hulipa kwa pesa za mtandao apate sehemu inayofuata.

Nyingi ya hizo nimezisoma, maana siwezi kukihukumu nisichokisoma, na ziko zenye kipaji cha dhahiri. Kinachonichoma ni jinsi jeraha linavyopuuzwa ndani yake. Binti hunajisiwa na mjomba katika sehemu ya kwanza, na kabla hajalia machozi yake yakaisha, tajiri mwenye gari jeusi humtokea, na kuanzia hapo mwandishi hamuulizi tena usiku analalaje. Fedha imeshika mahali pa subira ya Sulubu. Msomaji aliyeumizwa kweli, naye yupo katika kila mtaa wa Miyuji, hujifunza humo kwamba kupona ni bahati ya kuonwa na mwenye mali.

Nakala zangu za *Shida* na *Nyota ya Rehema* nimemkabidhi mjukuu wangu, na shuleni nilikofundisha nimeomba zinunuliwe nyingine popote zipatikanapo. Tangu mwaka 2022 taifa lina Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, hivyo kijana mwenye kalamu ana pa kupeleka mswada wake. Mabasi yangali yakiondoka Dodoma na wasichana wadogo waendao kulea watoto wa watu wengine, na baadhi yao hurejea kama alivyorejea dada yetu yule. Atakayeandika habari za mmoja wao na aketi naye kwanza, amsikilize mpaka mwisho, asiruke jambo. Na akimletea mwanamume wa kumpenda, amlete aliye tayari kusikia yote na kubaki.