Yowe Lisiloitikiwa

Wapenzi wa lugha, leo sikuleta shairi. Nimeleta maneno matano yaliyonishughulisha kwa miezi kadhaa, mimi mwalimu mstaafu wa Kiswahili nisiyeweza hata kubadili nywila ya simu yangu bila msaada wa wajukuu. Maneno yenyewe ni tukio, hitilafu, tatizo, tiketi na kuitika. Niliyakuta yote katika chumba cha mitambo ya kompyuta, mahali ambapo sikutarajia kukuta kazi ya lugha.

Kisa kilianza mwaka juzi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu Kitangiri, hapa Mwanza, alikuwa akituma maombi ya kujiunga na chuo. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumapili, saa sita usiku. Ijumaa jioni mtandao wa chuo hicho ukakatika, na mfumo wa maombi ukazama nao. Kijana alishinda kibarazani kwangu siku mbili, simu mkononi, akijaribu na kujaribu tena. Jumatatu mafundi walipofika kazini waligundua hitilafu, wakairekebisha kabla ya adhuhuri. Kwa kijana, muda ulikuwa umekwisha.

Alipokata rufaa, akaambiwa athibitishe kwamba mtandao ulikatika kabla ya muda kwisha. Likafunguliwa daftari la huduma la chuo, ambalo siku hizi ni programu ya kompyuta. Humo hitilafu ilikuwa imeandikwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Daftari halikusema uongo. Liliandika saa ambayo binadamu wa kwanza alilalamika. Rufaa ikakataliwa, naye akakaa mwaka mzima akibeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba.

Miezi kadhaa baadaye nilitembelewa na binti niliyemfundisha kidato cha nne, ambaye sasa ni fundi wa mitandao. Alikuwa amepewa kazi katika chuo hichohicho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Nilipomsimulia habari za kijana, aliinamisha kichwa, kisha akaniambia jambo lililoniuma kuliko kisa chenyewe. Mashine ilijua. Programu ya kufuatilia mtandao iliona kiungo kikikatika Ijumaa ileile, ikaandika dakika na sekunde, ikatuma barua pepe. Barua ilikwenda kwa mfanyakazi aliyekwisha kuhamishwa. Programu ya pili, ile ya daftari la huduma, haikuambiwa lolote. Mbili hizi zilikaa katika jengo moja bila kusemezana.

Kazi aliyopewa binti ilikuwa kuziunganisha. Akaniomba nimsaidie kuandika ujumbe wake kwa Kiswahili, kwa sababu wanaosoma ujumbe huo usiku si mafundi peke yao. Wamo pia walinzi na wasimamizi wa zamu.

Nilitaka kwanza nielewe. Akanieleza kwamba programu ya ufuatiliaji huuliza kila kifaa, kila baada ya muda mfupi: uko hai? Umeelemewa? Lugha inayotumika sana katika maulizo hayo, iitwayo SNMP, ilichapishwa mwaka 1988. Na moja ya programu zinazojulikana kwa kazi hiyo, Zabbix, ilitolewa hadharani mwaka 2001. Kifaa kikikosa kujibu mara tatu, tuseme, programu huhesabu kwamba kuna jambo. Daftari la huduma lina kazi nyingine: kuandika kilichoharibika, nani amekabidhiwa, amefikia wapi, na lini kazi imefungwa. Zikiunganishwa, ya kwanza hupeleka ujumbe kwa ya pili, nayo hufungua tiketi yenye namba na kuikabidhi kwa aliye zamu. Namba hiyo hurudishwa kwa ile ya kwanza, ili kiungo kikipona, tiketi ileile ipate habari, isifunguliwe nyingine.

Hapo ndipo maneno yaliponikamata. Utaratibu wa huduma za kompyuta ulioanza kuandikwa na serikali ya Uingereza katika miaka ya 1980 hutenganisha mambo matatu ambayo sisi katika mazungumzo huyaita yote "tatizo". Lipo lililotokea tu, liwe jema au baya. Lipo lililovuruga huduma. Na lipo chimbuko linalozaa mvurugo huo mara kwa mara. Binti alikuwa ameandika "tatizo" kila mahali.

Nikachukua kalamu nyekundu, mazoea ya miaka thelathini na zaidi. Tukio linatokana na kutukia. Halina lawama ndani yake. Kifaa kilichozimwa na kuwashwa ni tukio. Hitilafu asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni tofauti, kutolingana. Tazama jinsi linavyofaa! Mashine haijui ubaya. Inajua tu kwamba inachokiona kinatofautiana na inachokitarajia. Na tatizo linatokana na kutata, kama uzi au nyavu zilizojisokota. Hitilafu huondolewa, tatizo hutatuliwa. Fundi anayewasha upya kifaa kila Ijumaa ameondoa hitilafu mara hamsini na bado hajagusa tatizo.

Katika neno la nne nilishindwa. Nilipinga "tiketi". Nilipendekeza "hati ya hitilafu", nikaitetea kwa fahari. Binti akacheka kwa adabu.

"Mwalimu, tiketi ya basi pale Nyegezi ina nini?"

Ina namba, jina la abiria, kiti chake, na mahali safari inapoishia. Nilipokwisha kuvitaja nikajua nimeshindwa. Hitilafu nayo inahitaji namba, mwenyewe, nafasi katika foleni, na mwisho wa safari. Nilikumbuka tulivyohimizwa kutumia "tarakilishi", na watu wakaendelea kusema kompyuta. Tiketi ikabaki.

Usiku wa kwanza wa majaribio ulileta aibu. Kifaa kimoja kikuu kilizimika, na kila kifaa kilichokuwa nyuma yake kikalalamika. Asubuhi daftari lilikuwa na tiketi zaidi ya mia mbili za hitilafu moja. Nikamkumbusha binti Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo kila mtu alilaumu simu yake, ilhali chanzo kilikuwa mbali, baharini. Naye akaifundisha programu nani anamtegemea nani, ili mzazi akianguka, watoto wasipige kelele kila mmoja kivyake.

Kisha tukakwama katika saa. Mashine iliandika 18:12, kwa saa ya dunia. Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ni 21:12. Lakini mlinzi wa Mwanza atakwambia ni saa tatu na dakika kumi na mbili usiku. Saa tatu za namna hiyo kwa jambo moja! Tukakubaliana kwamba mashine zihifadhi saa yao, ila ujumbe wa kusomwa na mtu uandikwe kwa saa ya mtu. Ujumbe wetu wa kwanza ulisema: "Mtandao wa jengo la udahili umekatika tangu saa 3:12 usiku. Huduma ya maombi haipatikani. Aliye zamu aitike."

Aitike. Hilo ndilo neno la tano, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kila tiketi ina kitufe ambacho fundi hukibonyeza kuonyesha kwamba ameuona ujumbe na ameushika. Binti alikuwa amekiandika "Thibitisha". Lakini fundi hathibitishi kitu. Hajafika hata kwenye mitambo. Wahenga walisema kataa neno, usikatae wito. Kuitika si kutengeneza, wala si kuahidi kwamba patatengenezeka. Ni kusema: mwito umenifikia, usimtafute mwingine. Katika vijiji vya Usukuma, tangu sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyesikia yowe akabaki kitandani alitozwa faini. Hakuulizwa kama angemshika mwizi. Aliulizwa kwa nini hakutoka. Kitufe sasa kimeandikwa "Nimeitika". Zikipita dakika kumi na tano bila mtu kukibonyeza, anapigiwa simu msimamizi.

Kijana yule yuko mwaka wa kwanza katika chuo kingine. Rufaa yake haikufunguliwa tena, na kazi yetu haikumrudishia mwaka wake. Nilipomweleza tuliyoyafanya, aliuliza swali moja tu: "Babu, sasa ikikatika Ijumaa, daftari litaandika Ijumaa?"

Nikamwambia litaandika Ijumaa.

Ndugu zangu washairi, nina hakika mtanipinga katika "tiketi", nami niko tayari kusikiliza. Ila mwenye neno linalolishinda "kuitika" kwa kazi hii, na alilete. Binti bado ana vitufe vingi visivyo na majina.