Kumrusha Darasa

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, darasa la kwanza lilifurika hadi watoto wakakaa sakafuni. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja pembezoni mwa mji wa Morogoro. Katika umati ule kulikuwa na binti wa miaka 6 aliyekuja anajua kusoma. Wenzake wakihangaika na "ba, be, bi", yeye aliwasomea kwa sauti matangazo ya ubao wa walimu, hata ambayo hatukutaka yasomwe.

Wazazi wake wakaja ofisini. "Shikamoo mwalimu," baba akaanza. "Huyu mtoto umrushe, akae la tatu." Mwalimu wa taaluma akamuunga mkono hata sijajibu. Nilimjua huyu, kichwani mwake alishaona namba moja ya kata, mtihani wa la saba. Wenye haraka ya kurusha darasa siku zote ni wakubwa. Mtoto mara nyingi hata haulizwi.

Nikampa kitabu cha la tatu, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Hesabu za kukopa akazipata. Nikamwambia anakili sentensi nne kutoka ubaoni. Hapo mambo yakabadilika. Penseli aliishika kwa ngumi, ulimi ukamtoka pembeni ya mdomo, akafuta, akaandika, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Sentensi ya pili hakuimaliza. Kwa muhtasari wa wakati ule, la kwanza na la pili yalikuwa hasa ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kiingereza, Sayansi na Maarifa ya Jamii vilianza la tatu, na kwetu, vitabu havikutosha, kila kitu kilinakiliwa kutoka ubaoni. Halafu mwaka unaofuata ungekuwa wa Upimaji wa Darasa la Nne. Akili ilikuwa tayari, mkono bado.

Tena kuna umri. Akiruka madarasa mawili, angevaa sare ya sekondari na miaka 11, na sekondari ya kata ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mtoto wa kike, barabara ile, bodaboda wale. Mama, aliyekaa kimya muda wote, akasema, "Hapo sasa, mwalimu."

Nikaamua ahamie la pili baada ya likizo ya Juni, si zaidi. Mratibu elimu kata akaridhia. Baba aliondoka amenuna. Mwalimu wa taaluma naye hakukata tamaa: kila Januari alipita ofisini kuniuliza kama yule binti hawezi kurushwa tena.