Kuizunguka Rusinga kwa Pikipiki

Usidhani kwamba mtalii lazima awe mzungu. Likizo iliyopita mimi pia nilitalii, tena bila ndururu mfukoni! Kaka yangu ni mtu wa bodaboda, na alitaka kuanza kuwazungusha wageni kisiwani Rusinga. Akanifanya mgeni wa majaribio. Akipata wageni, karo yangu imepatikana.

Tulivuka daraja la Mbita alfajiri na mapema. Ufuoni akina mama walikuwa wakianika omena, zinametameta kama fedha. Harufu yake? Wacha tu!

Tukafika kwenye kaburi la Tom Mboya. Jengo lake lina umbo la risasi. Kaka alizima pikipiki, akavua helmeti. Akasema Mboya alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38 tu. Hapo alieleza vizuri hata mimi nikanyamaza.

Mbele ya vilima alisema haraka haraka kwamba mwaka 1948 Mary Leakey alipata hapa kisiwani fuvu la Proconsul, jamaa wa kale wa sokwe, la miaka kama milioni 18.

"Mifupa ilikosaje kuoza?" nikamuuliza.

Kimya. Nilimkumbusha somo la Jiografia: volkano ililipuka, majivu yakaifunika. Akaandika kwenye kijidaftari chake.

Jumamosi iliyofuata mgeni wa kweli, mama mmoja kutoka Eldoret, aliuliza swali lilo hilo. Kaka alirudi jioni akipiga mluzi.