Mbuzi kibogoyo wa Marigat

Safari ya kutoka Nakuru hadi Marigat ni ya karibu kilomita 100, na kadiri unavyosonga mbele ndivyo joto linavyozidi. Abiria waliopanda matatu asubuhi wakiwa wamejifunika masweta huanza kuyavua wakifika Mogotio, pale barabara inapoukata mstari wa ikweta. Mashamba ya katani yanabaki nyuma, migunga inachukua nafasi yake, na bonde linajitandaza kati ya milima ya Tugen na ukingo wa Laikipia. Umeingia Baringo, nyumbani kwa mbuzi.

Hapa mbuzi ndiye karo ya shule, ndiye dawa ya mgonjwa, ndiye mahari, na ndiye kitoweo cha mgeni. Mnada wa mbuzi wa Kimalel, kilomita chache tu kutoka Marigat, umewahi kuwavuta hata marais wa nchi. Mtoto wa Nairobi anayemjua mbuzi kwa nyama choma peke yake atashangaa kumkuta mwenzake wa huku akiwataja mbuzi wa kwao mmoja mmoja, kwa rangi na kwa tabia.

Lakini ukivuka mji na kushuka upande wa Ng'ambo, kuelekea Ziwa Baringo, utakutana na mti ambao wenyeji hawausemi kwa wema. Huo ni mathenge. Uliletwa mapema miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na kuwapa watu kuni. Kuni ulitoa, na kivuli pia. Kisha ukaenea kama moto wa nyikani, ukafunga njia na kumeza malisho. Miiba yake hutoboa kwato, viatu na magurudumu.

Balaa kubwa imo katika maganda yake. Ni matamu kama peremende, na mbuzi huyapenda mno. Utamu ule hunata kwenye meno na ufizi, meno yakaoza, yakalegea na hatimaye kung'oka. Mbuzi hana meno ya mbele katika taya la juu. Hutegemea manane ya chini kukatia majani. Akiyapoteza hayo, atasimama katikati ya malisho na kufa njaa.

Mwaka 2006 wakazi wa Ng'ambo waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu kwa sababu ya mti huu. Wengi nchini waliikumbuka kesi hiyo kwa jambo moja: mbuzi kibogoyo aliyepelekwa mahakamani ili kinywa chake kiwe ushahidi. Watu wa mjini walicheka. Wa Marigat hawakucheka.

Mbuzi niliyeonyeshwa katika boma moja la huko hakufika mahakamani. Aliachwa sokoni na mfanyabiashara aliyeona kwamba hangeweza kutembea hadi kwenye lori. Alikuwa jike mweupe mwenye madoa meusi, mbavu zake zikihesabika, kwato zimerefuka na kupinda, na meno matatu tu kinywani. Tena alikuwa na mimba. Nyanya mmoja, mjane anayemlea mjukuu wake wa Gredi ya 6, alimchukua kwa bei ya kutupa. Majirani walimshauri amchinje kabla hajajifia.

"Mwanangu," aliniambia, "nikimchinja leo tutakula siku mbili. Akipona, huyu mtoto ataingia sekondari."

Kazi ilianza kivulini. Mbuzi alikalishwa kwa kifua, si kwa ubavu, akaegemezwa magunia yaliyojazwa nyasi kavu pande zote mbili. Mbuzi akilala ubavu kwa muda mrefu hushindwa kucheua na kutoa hewa tumboni. Huvimba na kufa. Kila baada ya saa chache mjukuu alimgeuza, ili uzito usikae upande mmoja.

Kisha maji. Nyanya alichanganya maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo na sukari, akamnywesha kwa kikombe kupitia pembe ya mdomo, polepole, bila kukiinua kichwa juu. Kichwa kikiinuliwa mno, maji huweza kuteremkia mapafuni.

Afisa wa mifugo alipofika alifunua kope la jicho la mbuzi. Ndani ya kope la mbuzi mzima huwa na wekundu. La huyu lilikuwa jeupe kama karatasi. Minyoo ilikuwa imemnyonya damu. Alikadiria uzito wake kwanza ndipo akapima dawa, maana mnyama dhaifu huweza kuzidiwa na dawa iliyomwagwa kwa kukisia. Kupe waliondolewa, kwato zikakatwa, na mwiba wa mathenge ukang'olewa kwa koleo.

Msomaji ataona kwamba chakula sikukitaja kwanza. Hapo ndipo wengi huwaua wanyama kwa huruma. Tumboni mwa mbuzi wamo viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndivyo vinavyomsagia majani. Mbuzi akikaa na njaa, navyo hupungua. Ukimmwagia mahindi debe zima, tumbo huchachuka, na aliyeponea njaa akafa kwa shibe. Basi nyanya alianza na konzi ya majani laini ya mgunga, yaliyokatwakatwa, mara tano kwa siku. Siku zilivyosonga ndivyo alivyoongeza.

Siku ya tano, taya za mbuzi zilianza kwenda huku na huku. Alikuwa anacheua. Mjukuu alikimbia kumwita nyanya yake kana kwamba kuna mgeni mlangoni.

Cha ajabu ni kwamba sehemu ya dawa ilitoka kwa adui mwenyewe. Maganda ya mathenge yakikaushwa na kusagwa huwa chakula chenye nguvu. Unga haunati kama ganda bichi, na mbegu zilizosagwa haziwezi kuota tena. Nyanya aliyasaga, akachanganya unga huo na pumba za mahindi, akamlisha katika sufuria kuukuu. Wataalamu wa misitu wamekuwa wakiwahimiza wafugaji wa huku kufanya hivyo.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Katika wiki ya pili mbuzi aliharibu mimba. Nyanya hakusema neno siku hiyo. Mjukuu alikichimbia kile kijusi mbali na boma, mbwa wasikifikie, akarudi kukata majani.

Nilipopita tena wiki saba baadaye, mbuzi alikuwa amesimama kwa miguu yake minne. Mgongo, ambao awali ulikuwa mkali kama msumeno, ulikuwa umeanza kuota nyama. Kope lilikuwa jekundu. Alinifuata akinusa mfuko wangu.

Hata hivyo, meno yaliyong'oka hayaoti tena. Mbuzi huyu atalishwa kwa mkono maisha yake yote, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Nilimuuliza mjukuu kama haoni uchovu.

"Nyanya amesema akizaa, mtoto wake ni wangu," alinijibu. "Na huyo hatakula ganda hata moja ambalo halijasagwa."

Mbuzi hubeba mimba kwa muda wa miezi mitano, naye nyanya amekwisha kuzungumza na jirani mwenye beberu. Anataka kungoja kwanza hadi mgongo ujae vizuri. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha nyanya huyu hujazwa konzi moja ya majani ya mgunga kila mara.