Mtoto wa Ndovu Aliyekataa Maziwa

Kila mfugaji ajua ya kuwa ng'ombe hakamuliwi na kila mkono. Yuko ng'ombe asiyetoa maziwa mpaka asikie sauti ya mama aliyemzoea. Yuko na mwingine ambaye ndama wake akifa huyazuia maziwa kabisa, mpaka wenye maarifa watandaze ngozi ya ndama huyo mbele yake na kuinyunyizia chumvi, naye ailambe na kudanganyika. Mambo hayo hayamshangazi mtu wa boma. Lakini kuambiwa kwamba ndovu, mnyama wa porini, aweza kufa kwa sababu ya kumkosa mwanadamu mmoja, hilo wengi watalitilia shaka. Hata hivyo lilitukia Voi, katika Mbuga ya Tsavo Mashariki, mwaka wa 1974.

Mkuu wa mbuga hiyo kwa miaka mingi, hata 1976, alikuwa Bwana David Sheldrick. Mkewe, Bibi Daphne, alizaliwa papa hapa Kenya mwaka wa 1934. Nyumba yao ilikuwa kimbilio la wanyama yatima wa kila namna: vifaru, nyati, swala, hata mbuni. Wengi walilelewa wakakua, wakarudi porini. Ndovu waliokwisha kupata umri kidogo nao walipona. Walioshindikana ni wale wachanga waliotegemea maziwa peke yake. Hao walikufa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alizikwa akiwa amekwisha kupewa jina.

Shida ilikuwa maziwa. Ndovu huchukua mimba kwa muda wa miezi 22, na mtoto wake hawezi kuishi pasipo maziwa katika miaka yake miwili ya kwanza. Mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe hayamfai. Humharisha, akakonda, akafa. Wakati wa ukame mkuu wa 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa Tsavo, wengi wao majike na watoto, kwa kuwa mama mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji kutafuta malisho. Mtu aliyekaa Voi siku zile hakukosa kuona yatima. Kuwaona kulikuwa rahisi. Ila cha kuwanywesha hakikupatikana.

Bibi Daphne hakuacha kujaribu. Alichanganya hiki na kile, akaandika, akakosea, akaanza upya, mpaka alipoletewa mtoto mchanga wa kike aliyemwita Aisha. Huyo alimpa maziwa ya unga wanayopewa watoto wa wanadamu, akayatia mafuta ya nazi. Aisha akanywa, na safari hii tumbo likatulia. Jambo lililoshindikana kwa miaka mingi likawezekana kwa kitu kinachouzwa katika kila soko la pwani!

Basi mtoto mchanga wa ndovu hataki maziwa tu. Porini hakai peke yake hata kwa dakika chache. Mama yuko, dada wako, nyanya na shangazi wako, na wote humgusa kwa mikonga yao mchana na usiku. Aisha hakuwa na hao. Alikuwa na mtu mmoja. Mkono uliomshikia chupa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, ulikuwa ule ule, na harufu ni ile ile. Kwa hesabu ya mtoto yule, ukoo wote wa ndovu ulikuwa umekusanyika katika mwanamke mmoja.

Alipopata umri wa miezi sita hivi, ikafika arusi ya binti wa Bibi Daphne, nayo ilikuwa ifanywe Nairobi. Mama gani atakosa arusi ya bintiye? Alikwenda, na Aisha akaachwa Voi mikononi mwa watu wengine. Maziwa yalikuwako, tena yale yale yaliyomponya. Aisha akayakataa. Alidhoofika siku hadi siku, na Bibi Daphne aliporudi hakuweza tena kumwokoa. Alikufa.

Wako watakaosema kwamba huko ni kuwapa wanyama mioyo ya watu. Yafaa kujibu kwa yale yaliyochunguzwa. Katika mbuga ya Amboseli, ambako ndovu wamefuatwa na wataalamu tangu 1972, ilijaribiwa kuwawekea mafuvu ya wanyama mbalimbali na kuwatazama. Habari zake zilitolewa mwaka wa 2006: ndovu walilishughulikia fuvu la ndovu mwenzao kwa mkonga na miguu zaidi ya walivyoshughulikia fuvu la kifaru au la nyati. Hakuna awezaye kueleza wanawaza nini wanapofanya hivyo. Lakini mnyama anayesimama juu ya mifupa ya mwenziwe si ajabu akajua ni nani aliyeondoka.

Wala wasisahauliwe wakulima wa Taita na Voi. Mtu aliyelala na ekari mbili za mahindi akaamka na mabua yaliyokanyagwa, au aliyemzika jirani aliyeuawa njiani kuchota maji, hapaswi kuchekwa akiuliza kwa nini mtoto mmoja wa ndovu aliliwe hivyo. Swali lake ni la haki. Kifo cha Aisha hakimlipi mahindi yake.

Bibi Daphne alilia, kisha akabadili kazi yake. Bwana David alikufa mwaka wa 1977, na baada yake Bibi Daphne akahamia katika Mbuga ya Nairobi, ambako nyumba ya kulea yatima ilisimama kwa jina la mumewe. Yeye mwenyewe alifariki Aprili 2018. Hata kufikia wakati huo yatima zaidi ya 200 walikuwa wamelelewa. Wakikua hupelekwa Tsavo, na wako majike waliokwisha kuingia porini kabisa, wakazaa, kisha wakaja na watoto wao mpaka kwa watu waliowalea.

Kanuni iliyotokana na Aisha ingali ikifuatwa. Mtoto wa ndovu hapewi mlezi mmoja. Hupewa kundi la wanaume, wote wamevaa makoti ya kijani ya namna moja, nao hubadilishana. Mlezi hulala ndani ya zizi pamoja na mtoto, huamka kila baada ya saa tatu kumpa chupa, na maadamu yuko humo yeye ndiye mama. Kazi hiyo si nyepesi, kwani mlezi naye ni mtu na huwa na kipenzi chake. Lakini hata kama mtoto amekwisha kumzoea hata kulala mkonga ukiwa begani mwake, usiku wa pili hupangiwa zizi jingine, na katika lile la kwanza huingia mwenziwe na blanketi lake.