Ngome ya Juu na Nyumba ya Chini

Watu wengi huisifu Ngome ya Yesu ya Mombasa kwa ukubwa wa kuta zake. Nami naisifu, lakini kila nisomapo habari zake hujiuliza: je, kuta hizo zilimlinda nani?

Ngome hiyo imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, yautazama Mji wa Kale na mlango wa bandari. Wareno waliijenga mwaka 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Walitaka kila chombo kiingiacho kiione na kuiogopa. Hata hivyo, mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliingia na kuitwaa. Wareno waliirudia, lakini Machi 1696 Waarabu wa Oman wakaizingira. Ndani walikuwamo Wareno wachache na Waswahili wengi, waume kwa wake. Maradhi yaliwaua kuliko mizinga, na ngome ilipotwaliwa Desemba 1698 walikuwa wamebaki watu wa kuhesabika. Tangu 1895 hadi 1958 ikawa gereza: kuta zilizojengwa ili adui asiingie zikamzuia mfungwa asitoke.

Mimi ni mtoto wa Masieda, katika nchi ya Mbulu. Wazee wetu Wairaqw nao walikuwa na adui, maana Wamasai walikuja kuteka ng'ombe. Huko Mama Isara wazee hawakujenga juu. Walichimba ubavu wa kilima, wakajenga nyumba ndani yake, na paa wakalifunika udongo hata likalingana na ardhi. Watu na mifugo walilala humo, na apitaye mbali aliona kilima tu. Mreno alitaka aonekane. Mzee wetu alitaka asionekane. Wote wawili walikuwa na hofu, na wote wawili walitumia akili.

Lakini Ngome ya Yesu iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, na wageni hulipa kuitazama. Nyumba ya udongo haingoji wageni. Ikiachwa, mvua huirudisha kilimani.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Mbulu: likizo ijayo, kila mmoja amwendee babu au bibi, amwulize nguzo zilisimamishwaje, paa lilibebaje udongo, na ng'ombe walipitia wapi. Tuyaandike majibu. Jiwe laweza kungoja, wazee hawawezi.