Ngannou ana kichwa, acheni maneno!

Kuna ubishi mmoja hauishi kati yangu na shemeji yangu, nao ni wa Francis Ngannou. Shemeji, ambaye ukimsikiliza utadhani kazaliwa ulingoni, anasema yule Mkameruni ni nguvu tupu: kajaliwa ngumi na Mungu, basi, kichwani hamna kitu. Mimi hilo silikubali hata kidogo. Maneno hayo hayaishii kwa Ngannou, msomaji wangu. Kila mpiganaji mweusi mwenye misuli huambiwa hivyo hivyo, na cha kuudhi ni kwamba siku hizi tunaambiana sisi wenyewe.

Tuanze na Januari 20, 2018, mjini Boston, Marekani. Ngannou aliingia kizimbani kuwania mkanda wa UFC wa uzito wa juu akiwa na kilo 119 hivi. Mwezi mmoja na nusu nyuma alikuwa amempachika Alistair Overeem ngumi ya kushoto iliyotokea chini, jamaa akalala kama gunia la mahindi. Kila mtu akawa anamwogopa. Mwenye mkanda alikuwa Stipe Miocic, zimamoto wa kule Ohio. Naam, zimamoto wa kweli, mwenye zamu yake kazini kama mtumishi mwingine yeyote. Sura ya kawaida kabisa, ukipishana naye sokoni hugeuki.

Ngannou alianza kwa makombora. Kila ngumi ilikuwa ya kuua mtu, na nyingi zilipiga hewa. Stipe anachezesha kichwa, anarudi hatua moja, anatupa mkono wa kulia ulionyooka, halafu ghafla anainama na kumdaka miguu. Huyu bwana alicheza mieleka chuo kikuu na ngumi za ridhaa pia, kwa hiyo anajua kuficha kimoja nyuma ya kingine. Ukiinua mikono kukinga uso, anakwenda miguuni. Ukiishusha kulinda miguu, unakula konde. Raundi ya kwanza inakwisha, Ngannou anahema mdomo wazi.

Kilichofuata hakikuwa kitamu kwa watazamaji, ila kilikuwa ufundi mtupu. Stipe alimbana kwenye wavu, akamwangusha, akamlalia, akamwachia uzito wote ili kila akitaka kuinuka ainuke na mtu mgongoni. Jaribu wewe kuinuka ukiwa umelaliwa na mtu wa kilo 111, mara moja tu, halafu uje unihadithie. Raundi tano zikaisha, majaji wote watatu wakampa Stipe 50-44.

Shemeji anaishia hapo. Ndiyo kaseti yake anayoipenda.

Anachosahau ni kwamba Ngannou alikuwa mchimba mchanga huko kwao Batié. Alifika Paris mwaka 2013, akalala nje, shida yake ikiwa ni kutafuta ngumi za kawaida. Huu mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka alikutana nao huko huko. Kwa hiyo siku ile ya Boston alikuwa na miaka kama minne ya kujua mieleka ni nini, akapambanishwa na mtu aliyeianza shuleni. Huko siyo kukosa akili, ni kukosa muda.

Baadaye aliangusha wanne mfululizo, wote raundi ya kwanza, wa mwisho akiwa Jairzinho Rozenstruik, sekunde 20 tu. Watu wanazipenda sana hizo. Mimi, kwa ubishi wangu huu, hazinisaidii kitu.

Inayonisaidia ni ya Machi 27, 2021, Las Vegas, waliporudiana. Tena nawaomba mtazame raundi ya kwanza, siyo ya mwisho. Ngannou anatembea. Anapiga teke zito, anangoja. Ngumi anazichagua kama mama anavyochagua nyanya. Stipe akaingia miguuni kama zamani, na hapo ndipo pambano lilipogeuka: Ngannou akarusha miguu nyuma, akamkandamiza kwa kifua, akazunguka mgongoni na kuanza kumshushia ngumi. Mlango ule uliomwingiza Stipe mara ya kwanza ulikuwa umefungwa kwa komeo. Stipe naye safari hii alikuja na kilo 106, awe mwepesi. Mimi naona ilimgharimu.

Raundi ya pili, mkono wa kushoto ulionyooka ukampeleka Stipe chini. Akainuka, akamrudishia kulia moja safi. Ngannou hakupaparika, akaachia kushoto ya kuzungusha. Stipe akaenda chini na mguu umejikunja chini yake, sekunde ya 52.

Na Januari 2022, akiwa na goti bovu, huyo anayeitwa nguvu tupu alizidiwa raundi mbili za mwanzo na Ciryl Gane, fundi wa miguu. Akabadilisha mchezo katikati ya pambano, akaanza kumbwaga Gane chini, akashinda kwa pointi. Kwa mieleka!

La tatu kati yake na Stipe halikufanyika. Ngannou aliondoka UFC Januari 2023 waliposhindwana mkataba, na Stipe akastaafu Novemba 2024 baada ya kupigwa na Jon Jones. Mimi ningelilipia hata kwa kukopa. Nilitaka kuona zimamoto yule angetafuta njia ipi, akishajua miguuni hapaingiliki tena.